Galaksi ya Sebuleni Kwetu

Mume wangu Abeid ni mbishi, Mungu anisamehe. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, na sebuleni kwetu hapa Mafiga, mahali ambapo watu hutundika picha za harusi, yeye alitundika galaksi.

Mgeni hajakaa vizuri, keshaanza: hizo ni nyota mabilioni kwa mabilioni, mikono yake imejiviringisha kukizunguka kitovu. Mikono ni ya buluu kwa kuwa ina nyota changa zenye joto kali. Kitovu ni cha manjano, nyota zake zimezeeka. Nuru yake imesafiri mamilioni ya miaka kutufikia, na yenyewe inazidi kwenda mbali nasi.

"Sasa kama inatukimbia, wewe unaifuatia nini?" nilimuuliza. Akaninunia siku nzima!

Kondo, fundi baiskeli, ndiye aliyemweza. Ni mtani wa ukoo wake, na kwetu Waluguru mtani anakutukana hata msibani, nawe hukasiriki. Kila akiingia: "Shemeji, hili zee bado linaabudu mlenda uliokorogwa?" Abeid anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka huu presha ya macho ikampofusha. Akafanyiwa upasuaji, akawa anasubiri kuona, ana uhakika kabisa. Lakini daktari aliniita pembeni: mishipa ya macho imekufa, haoni tena huyu. Jamani, ningeanzia wapi? Nikamwambia mume wangu, "Wamesema tuvute subira." Kila asubuhi anaelekeza uso ukutani, ananiambia leo anaona kama mwanga kidogo. Roho iliniuma, acha tu.

Kondo alipokuja kumjulia hali nilimdaka mlangoni, nikamweleza, nikamsihi asiropoke. Akajifuta macho, akaingia.

"Afadhali umekuja," Abeid akamwambia. "Hebu niangalizie picha yangu. Ikoje?"

Kondo akasimama mbele ya picha. "Nzuri. Mikono yake ya buluu, katikati manjano. Nzuri sana, Mwalimu."

 Abeid uso ukamshuka.

"Mwalimu? Tangu lini mimi ni Mwalimu kwako?"

Kondo akavua kofia.

"Nitukane basi, Kondo."

 Kondo akaanza kulia, jitu zima lile, kofia kaikunja mkononi.

Mume wangu akageukia upande niliokaa.

"Mwaisha," akasema, "daktari alikwambia nini?"

Nikamwambia.