Baba Mkubwa Asiguswe

Kazi yangu ni kuzinyima programu. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, sehemu inayogawa memori kwa programu zote, na mimi huandika zile sheria zinazosema: wewe mwisho wako hapa, ukizidisha utakatwa. Programu ikikaidi, kiini humwita askari wake, ambaye wataalamu wenzangu wamemwita Muuaji bila hata aibu. Anachagua mmoja, anamuua, wengine wanaishi. Kazi hii naifanyia katika chumba cha uani, mtaani kwetu Nsemulwa, na kwa programu sina huruma hata chembe. Kwa binadamu ni habari nyingine.

Mwaka jana kampuni moja ya ng'ambo ilinipa kazi ya majaribio. Nilitakiwa kuonyesha kwamba kikomo nilichoandika kinashika: kompyuta ibanwe memori kwa saa sabini na mbili mfululizo, na jaribio langu, ambalo nalo ni programu kama nyingine, lifike mwisho likiwa hai. Matokeo yafike Ijumaa. Likifa, kazi hakuna. Walinitumia hata kompyuta yenyewe, na nyumba nzima ikaja kuitazama kama bibi harusi.

Wiki hiyohiyo baba mkubwa akaja kutoka kijijini Sitalike kutibiwa goti. Ni mstaafu wa uaskari wa hifadhi. Ungedhani mtu aliyeamka na viboko miaka yote hiyo amewachoka. Wapi! Alitaka kuwaona kwenye video. Simu yake ina kioo kidogo na macho yake yamechoka, kwa hiyo mama akatoa hukumu: kompyuta kubwa vile kutumiwa na mtu mmoja ni uchoyo.

Nikamfungulia sehemu yake, nikaiwekea kikomo. Tatizo ni kwamba baba mkubwa kufungua anajua, kufunga hataki. Kila video aliiacha wazi akafungua nyingine, akisema atairudia. Kufika saa nne asubuhi alikuwa na video arobaini. Muuaji akafika, dirisha likatoweka na viboko wake wote. Ilipotokea mara ya tatu hakuniambia mimi kitu. Alikwenda kwa mama, kama wakubwa wafanyavyo.

"Shemeji, huyu mwanao ananipimia."

Mama alinijia na mwiko mkononi. "Yaani baba yako mkubwa unampimia kama unga wa dukani?"

Ningeweza kumwongezea, lakini kuongezewa nako ni kupimiwa. Nikaondoa kikomo chake chote. Kisha, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaandika mstari wa kumwamuru Muuaji, na pembeni yake maelezo kwa Kiswahili safi: baba mkubwa asiguswe. Nikajiona mtoto mwema. Nikawasha jaribio.

Hofu yetu sote ilikuwa umeme. Haukukatika hata mara moja, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunitia shaka.

Alhamisi, saa ya sabini, nilikuwa jikoni nachambua maharage. Baba mkubwa alikuwa ameshahama kwa viboko, yuko kwa tembo. Memori ikaisha. Muuaji akaja, akamwona aliyekula kuliko wote, lakini huyo haguswi. Akamgeukia anayemfuatia. Niliporudi chumbani nilikuta mstari mmoja kwenye kioo: jaribio limeuawa. Kando yake tembo walikuwa wanaoga.

Nililia kwa sauti. Nilimkasirikia mama, nikawakasirikia tembo, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, niliyeandika sheria kisha nikaitoboa kwa mkono wangu. Nikamwandikia msimamizi wangu wa ng'ambo ukweli wote. Alijibu kwa ufupi kwamba nina mpaka Jumatatu, na angependa kumjua huyo aliyepewa msamaha wa kutoguswa.

Baba mkubwa alisikia kilio akaja akichechemea. Nikamweleza kila kitu, nikisubiri aanze na "nyie watoto wa siku hizi." Akauliza tu, "Kwa hiyo hiki kikomo ni geti?"

"Ni geti, baba."

Akakaa kitandani. "Mimi geti nimelisimamia. Siku moja ilikuja gari ya mkubwa fulani, watu wamezidi kibali. Akasema hifadhi ni yake. Nikawashusha waliozidi wote, wakakaa chini na mbung'o. Ukimpitisha mmoja kwa ukubwa wake, huna geti tena." Akanitazama. "Mbona hukuniambia? Uliona sitaelewa?"

Hapo niliumia kuliko nilivyoumia kwa jaribio. Nilikuwa nimemheshimu mpaka nikamfanya mjinga.

"Huo mstari wangu, nisomee."

Nikamsomea.

"Futa."

Nikaufuta, nikarudisha kikomo chake, nikawasha jaribio upya. Baba mkubwa akavuta kiti mbele ya kompyuta, goti bovu juu ya stuli. Mama alipokuja kuomba aone picha za harusi, aliulizwa kibali, akaondoka akinung'unika kwamba nyumba imekuwa kambi. Jumamosi mimi mwenyewe nikataka kufungua barua pepe, dakika mbili tu.

"Una kibali?"

"Baba, kompyuta ni yangu."

"Hata yule wa kwenye gari alisema hifadhi ni yake."

Nikarudi jikoni. Jumapili jaribio lilifika mwisho likiwa hai.