Honorata Akingoja Njia ya Majini

Ukimtazama Honorata, kwanza uliona viatu. Wanawake wenzake walikuwa peku wakianika dagaa. Yeye alivaa vile vyeusi vya kanisani, siku ya Jumatano, na hakuwa na pa kupita.

Tangu ziwa lipande na kumeza barabara, kitongoji chao kando ya bandari ndogo ya Katonga kiligeuka kisiwa. Njia iliyobaki ilikuwa mtumbwi. Sasa upepo wa usiku ulikuwa umesukuma magugu maji hadi yakaziba mkondo wote, kijani tupu, yamechanua maua ya zambarau kama bustani ya mtu. Na Diana, binti yake aliyeolewa Gungu, ng'ambo ya maji, alikuwa amepiga simu alfajiri: uchungu umeanza. Ni uzazi wa kwanza, na wa kumkanda kwa maji ya moto ni mama yake, si jirani.

Honorata alichukua mzigo wake na panga, akashuka ufukweni.

“Mwakeye, Mama Diana,” alisalimu Athumani, mwenye mtumbwi. “Unakwenda kulima ziwa?”

“Nalima. Si ninyi wavuvi mliokuwa mkifunika samaki wenu wa migebuka kwa majani haya wasiharibike juani, mkifika hapa mnayatupa? Haya, yametufunika sisi.”

Athumani alicheka, macho chini.

Pembeni alichutama Faridi, afisa wa mazingira. Alikuwa amevuka jana kukagua wadudu ambao serikali iliwaachia majini ili wayale magugu. Sasa naye amekwama, soksi zake zimeanikwa kwenye kamba ya Athumani.

“Shikamoo mama. Tafadhali usikate. Kila kipande kitaota upya.”

“Marahaba. Na wadudu wako wanakula lini?”

“Wanakula, mama. Ila polepole. Itachukua miaka.”

“Mwanangu hajui kuzaa polepole.”

Aliinua panga, akalitazama lile zulia la kijani. Mwaka jana kitongoji kizima kilikata; mvua ziliponyesha, magugu yakarudi maradufu. Akalishusha panga.

Faridi alikuwa akiongea na simu. “Mashine ya kuvuna magugu imeondoka Katonga,” alisema hatimaye. “Nimewaomba waanzie hapa.”

“Umewaomba au umewaamuru?” aliuliza Athumani.

“Nimewaambia kuna mjukuu.”

Simu ya Honorata ikaita. “Mama, uko wapi?”

“Niko njiani, mwanangu,” alijibu, amesimama palepale.

Akapakia mzigo wake mtumbwini, akaketi, akamwamuru Athumani ashike pondo. Wote watatu wakakaza macho upande wa Katonga, wakingoja mashine itokeze.