Maamuma wa Kibanda cha Vioo

Fundi vioo na kaka yake walifanya kazi kibanda kimoja tangu ndevu zao zilipoanza kuota. Mdogo alikata vioo. Mkubwa alivitia kwenye fremu na kupiga soga na wateja. Alasiri ikiingia, mdogo aligeuza vioo vyote vitazame ukuta, akatandika mkeka, akahirimia swala. Mkubwa alikuwa mzito kuachana na maneno, hivyo kila siku alichelewa. Alikuja mbio, akamgusa mdogo wake bega la kulia kumjulisha kwamba amemfuata. Mdogo akishatoa salamu, mkubwa aliinuka kukamilisha rakaa zilizompita, na goti lake bovu likilia ko! kama kijiti kikavu.

Homa ilimchukua yule kaka ghafla. Matanga yalipokwisha, fundi alirudi kazini peke yake. Alasiri ya kwanza alitia komeo mlangoni, akaanza kuswali. Akiwa ameinama kwenye rukuu, mkono ukamgusa bega la kulia.

Aliendelea na swala. Alipotoa salamu, kulia kwake hapakuwa na mtu. Ila nyuma yake goti lililia: ko!

"Ni majonzi hayo, mume wangu," mkewe alimwambia. "Yatapita."

Hayakupita, na fundi mwenyewe hakutaka yapite. Alianza kumngoja. Alisoma polepole, akakaa kwenye rukuu hadi kiuno kikawaka moto. Wateja waligonga mlango wakachoka, wakamtania kwamba sasa anaswali na zamu ya marehemu. Siku moja mkono ulikawia. Akiwa ameinama, aligundua kwamba hajui anasema nini; masikio yake yote yalikuwa nyuma.

Jioni hiyo alimfuata mwalimu wa madrasa, akamkuta anatengeneza bomba la kutawadhia.

"Mwalimu, mtu akinifuata na mimi sikunuia uimamu, swala yangu inasihi?"

"Inasihi. Anayelazimika kunuia kufuata ni maamuma. Wewe usiponuia, unakosa tu thawabu za swala ya jamaa. Kwani nani anakufuata?"

Fundi alichutama kando ya bomba. "Sijamwona. Ila huwa narefusha rukuu anidiriki kabla rakaa haijampita."

Mwalimu aliliacha bomba. "Unamrefushia nani?"

"Kaka."

"Kaka yako tulimswalia, baba. Hana rakaa iliyobaki huku. Muombee dua kadiri utakavyo, lakini ukisema Allahu Akbar, moyo uwe umekwishafika kwa Mwenyezi Mungu. Nia hukaa moyoni, haikai begani."

"Sasa anayenigusa ni nani?"

"Sijui," mwalimu alisema, akishindwa kumtazama usoni. "Ila ukiwa ndani ya swala, usigeuke kumtafuta."

Kesho yake fundi alihirimia kwa Mola wake peke yake. Mkono ulikuja akiwa kwenye rukuu. Safari hii haukugusa ukaondoka. Ulitulia pale, baridi ikapenya shati, vidole vikabana kama vinamkandamiza asiinuke. Machozi yalimdondoka mkekani. Alipomaliza kumsabihi Mwenyezi Mungu aliinuka vilevile, na mkono ukateleza mgongoni taratibu mpaka ukaisha. Kwenye sijda alisikia mtu akihema karibu kabisa na sikio lake. Alimaliza kusujudu, akaendelea. Alitoa salamu, goti halikulia. Hapo ndipo alipomuombea kaka yake, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

Alipofungua mlango alimkuta mkewe kwenye benchi, chombo cha chakula mapajani.

"Nilikuwa nangoja mmalize," mkewe alisema.

"Tumalize akina nani?"

"Wewe na mgeni wako. Nimesikia ukitoa salamu, naye akatoa nyuma yako." Alichungulia ndani ya kibanda, akarudi nyuma hatua moja. "Mbona hayumo? Ametoka kupitia wapi?"

Fundi alimshika mkono. "Kaa tule hapahapa nje, mama watoto."

Tangu siku hiyo huswali mlango ukiwa wazi, na hunuia uimamu tangu mwanzo. Seremala wa jirani humfuata, muuza rangi naye akipata nafasi. Wote wawili husimama naye kabla hajahirimia. Hata hivyo, zipo alasiri ambazo huguswa bega akiwa amekwishainama. Husabihi kwa kadiri yake bila kurefusha, akainuka.