Ngazi Moja ya Ghorofa ya Chai

Watu walitoka mpaka Sosiot kuja kuitazama ghorofa ya chai ikijengwa. Pale kambini kwa vibarua wa shamba la chai hatukuwa tumezoea nyumba juu ya nyumba. Sasa nguzo za chuma zililetwa kwa magari ya ng'ombe kutoka stesheni ya reli, zikapanda sakafu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuta zote mabati na madirisha. Wengine waliisifu. Mimi niliichukia, na mpaka leo sijaacha.

Sisi ni Wajaluo, tulifuata kazi kutoka ziwani. Mume wangu aliwekwa chini, kwenye mashine ya kusokota majani. Mama yangu, mjane, alikuja baadaye akapewa kazi juu kabisa: kutandaza majani mabichi kwenye magunia yanyauke kwa joto lililopandishwa kutoka chini. Ati mama mkwe anatembea juu ya kichwa cha mkwewe! Kwetu hata wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Na aliyeichora nyumba hiyo aliweka ngazi moja tu, inapita kando ya mashine. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wenzake walimtania mume wangu, "Aliye juu mngoje chini." Hakucheka. Tukapanga mama apande kabla yake, ashuke mume wangu akishatoka nje. Mimi nilichambua chai pale chini, kwa hiyo ndimi niliyemwita mama njia ikiwa wazi. Ilikuwa kazi ya kuchosha roho, lakini mama asingeweza kuacha. Wadogo zangu kule nyumbani walikula kwa mikono yake.

Mvua zilipokolea, madirisha yalifungwa na majiko ya chini yakachochewa kupita kiasi. Mama akazimia juu kwa joto na moshi. Wanawake wenzake walijaribu kumteremsha, wakashindwa. Ngazi ilikuwa nyembamba na imesimama wima. Wanaume wote walikuwa nje wakipakua majani, isipokuwa mume wangu. Alinitazama. "Lisilo budi hutendwa," akasema, akapanda. Alimshusha amembeba mgongoni, shuka imemtoka mama mabegani, watu wote wanaangalia.

Mama alizindukia uani. Alipoambiwa nani kambeba, alijifunika uso. "Bora mngeniacha huko," akasema.

Kesho yake alishika njia ya Sotik kurudi kwetu, na akanikataza kumsindikiza. Mume wangu alimpelekea mbuzi wa kuondoa aibu, mama akamrudisha. Wadogo zangu wakagawanywa kwa watu wa ukoo. Mama hakukubali tena kuniona, mimi mwanawe.

"Ningemwacha?" mume wangu aliniuliza jioni ile mama alipoondoka. Aliniuliza tena miaka iliyofuata, hata tulipozeeka. Alistahili kuambiwa hapana. Mdomo wangu ulikataa, na alizikwa bila jibu.