Kilio cha pano za jua

Juma lililopita, juu ya paa la maternite, wodi ya wazazi, ya Nyakasanza, niliona ile pano ya jua, paneli ya umeme, yenye kona iliyovunjika. Ingali inawasha taa.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, risasi zililia karibu. Wamama wa mtaa, waliochanga kununua pano zile za maternite, walizishusha haraka, wakazilaza kitandani kwetu chini ya vitenge vilivyonuka moshi, wakaanza kulia matanga.

“Nani amekufa?” niliuliza.

“Koko yako,” mama alijibu bila kuniangalia.

Nilimlilia bibi yangu mpaka nikatapika. Wenye bunduki, waliokuwa wakipora nyumba kwa nyumba, waliingia, wakaniangalia mimi tu. Mmoja akavua kofia. Wakatoka.

Jioni koko alirudi kutoka shambani na mihogo yake.

Nilimkasirikia mama siku nyingi. Sasa najua: wamama wote waliigiza, na kilio kile kilihitaji mtu mmoja asiyejua.