Jioni Kamera Ilipopimwa kwa Nyamweya

Nyamweya alikuwa mlinzi wa kituo chetu cha majani chai, huku juu ya Kapkatet. Mimi, Dorcus, nauza chai na mandazi pale mlangoni, na nilimjua vizuri kuliko nilivyotaka. Mtu wa kelele huyo! Nikichelewa kuzima moto wangu atanisomea kama mtoto wa nasari. Gunia likisahaulika nje, atamtafuta mwenyewe mpaka nyumbani. Alitoka Nyamira akiwa kijana, akachuna chai kwenye mashamba makubwa mpaka mashine za kuchuna zikawatoa yeye na wenzake, ndipo akaja kutulindia. Magoti yalikuwa yamechoka. Kazi hii ikimtoka, hakuna mwingine angemwandika.

Basi kamati ikataka kamera. Mwenyekiti, Kipngeno, alisema waziwazi mkutanoni: ikiona vizuri gizani, mlinzi aende nyumbani. Niliudhika sana. Nikauliza, na hiyo kamera itapiga nduru? Wakacheka, wakaagiza mandazi.

Fundi wa kamera, Weldon, alisema mchana kila kamera ni nzuri, ipimwe giza likiingia. Watu watatu wapite uani mmoja mmoja, wamevaa makoti ya mvua, kofia zimeshushwa usoni, taa zimezimwa. Anayewajua akae ofisini mbele ya skrini awataje. Wa kupita wakachaguliwa: vijana wawili wapakiaji, na Nyamweya mwenyewe. Yaani mtu achimbe kaburi lake, kisha amshukuru aliyempa jembe.

"Na wa kuwataja awe Mama Sagini," Kipngeno akasema. "Mke asipomtambua bwana yake, hatununui."

Mama Sagini, yaani Marcella, alinijia jioni ya kupima. Walikuwa wamekubaliana na mzee wake: yeye atabadilisha mwendo, naye Marcella atasema hamjui.

"Dorcus, sijawahi kudanganya mbele ya watu," akaniambia.

Nikamwambia aanze leo, Mungu anaelewa. Na nilimaanisha.

Tukaingia ofisini pamoja, taa zikazimwa. Mwezi haukuwepo. Ukungu nilikuwa nimeuomba uje uiharibu ile picha, lakini siku hiyo, ukungu wetu usiosubiri kukaribishwa, ukakataa kabisa. Skrini ikawa ya kijivu. Wa kwanza akapita, uso kama unga uliolowa.

"Simjui," Marcella akasema, na kweli hakumjua. Wa pili, vivyo hivyo. Weldon akaanza kujikuna shingo na Kipngeno akanuna. Roho yangu ikatulia kidogo.

Wa tatu akaja na mabega juu, anatembea kama kijana. Hata mimi ningeapa si yeye. Nikamshika Marcella mkono. Yule mtu akafika katikati ya ua. Bado hatua chache tu atoke kwenye picha, mambo yaishe.

Akasimama.

Mlango wa stoo ya mbolea ulikuwa wazi. Kipngeno alikuwa ametoa ngazi ya fundi humo akauacha hivyo. Yule mtu akatazama mlango, akatazama mbele, akatazama mlango tena. Pita, nikasema moyoni, pita wewe mzee, achana nao. Akarudi. Akauvuta mlango, akabana kufuli, akalitikisa kuhakikisha limeshika.

Kipngeno akainama karibu na skrini.

"Mama Sagini," Kipngeno akauliza polepole, "huyo ni nani?"

Marcella akajifuta macho na leso. "Ni bwana yangu," akasema. "Nyinyi mnadhani ni nani mwingine angerudi?"

Weldon akawasha taa. Kipngeno akamwambia fundi kwamba kamera imepita, aje kesho aifunge moja kwa moja. Nilitamani kummwagia Kipngeno birika zima la chai.

Nyamweya akaingia akivua koti, tayari anafoka. "Nani huyo aliacha stoo wazi? Mbolea ya watu!"

Marcella akaenda akamshika mkono.

"Baba Sagini, twende nyumbani."

"Nyumbani?" Akamwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. "Na zamu yangu nani atashika?"

Akachukua rungu lake kwenye kona, akatoka kuzunguka ua.