Kura Niliyojinyima

Darasa letu la siasa na utawala, katika chuo kidogo cha pale Shinyanga mjini, lilikuwa na watu kumi na mmoja tu. Tulibishana kuhusu Bunge na serikali za mitaa hadi mama wa kantini akatutishia kutufungia mlango. Siku zile nazikumbuka kwa hamu ambayo sikuwa nayo nilipokuwa naziishi.

Mwaka wa mwisho mwalimu wetu alitangaza kwamba imepatikana nafasi moja ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya halmashauri, na sisi wenyewe tutapiga kura kuamua nani aende. Niliitaka mno nafasi ile. Baba alikuwa na duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, huko Geita, na kila nikimpigia simu aliniuliza ni lini nitaacha maneno nikashuke shimoni naye. Nilitaka anione nimeingia ofisini, basi.

Tulibaki wagombea wawili: mimi na binti wa mfanyabiashara wa mchele wa Kagongwa. Mwalimu aligawa karatasi, akaweka boksi la chaki mezani. Kwenye mtihani wa mambo ya uchaguzi nilikuwa nimewaongoza wote, haki za mpiga kura nilizijua kwa kichwa. Lakini nimekulia Samuye, na nyumbani kwetu mtu hajichagui. Hata nyama ikiletwa, unamwachia mwenzako achukue kwanza. Nikaandika jina la yule binti, nikiamini naye anaandika langu.

Akashinda, sita kwa tano.

Mchana, tukila wali maharage, nilimwambia nilichofanya. Aliweka kijiko chini, akanitazama kwa huruma.

"Kaka, mimi nilijipigia. Kwani si tulikuwa tunagombea?"

Niliona aibu, na hasira pia, ila si kwake. Jioni nikampigia baba simu. Baada ya shikamoo nilimsimulia yote, nikisubiri anicheke kisha aniite shimoni.

"Kwa hiyo hukujipigia?"

"Hapana, baba."

"Hata mimi nisingejipigia," akasema. "Sasa usije huku. Maliza hiyo shule, halafu ugombee tena popote watakapokuruhusu. Na safari hiyo, mwanangu, ujipigie."